Daktari Naye Huchoka

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa Kisii na Nyamira katika kikao cha Ramadhan, baada ya swala ya Alasiri)

Nimepewa dakika ishirini, na mada ni uchovu wa kazi kwa madaktari wanaotuhudumia vijijini. Mwenyekiti aliponipigia simu nilimuuliza, mbona vijana wanataka kusikia habari za uchovu wa watu wengine? Akanijibu kwamba haipiti wiki bila kijana kuja kulalamika kuwa mamake au mkewe amefokewa zahanati. Nikasema basi hiyo ni mada yangu, nitakuja.

Kwanza tuelewane tukisema daktari tunamaanisha nani. Huku kwetu yeyote aliyevaa koti jeupe ni daktari, hata kijana wa maabara. Wenzetu wa ng'ambo wana daktari wa familia, yule anayekujua wewe, mkeo na watoto, na faili yenu iko kwake miaka na miaka. Hapa Kenya somo hilo lipo, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha madaktari wa familia mwaka 2005, lakini waliohitimu ni wachache. Sasa wewe shika barabara ya Marani au Etago, ama upande wa Nyamira shika ya Magwagwa, halafu uache lami uingie ndani kwenye migomba na majani chai. Daktari wako wa familia huko ni sista wa zahanati, na kwenye kituo cha afya ni afisa wa kliniki. Mimi ni afisa wa kliniki, nimefanya kazi kaunti zote mbili, kwa hivyo nikisema "sisi" mtanielewa.

Hebu niwape siku moja ya sista huyo. Kwenye karatasi zahanati ina wauguzi wawili. Mmoja yuko likizo ya uzazi au ameitwa semina, kwa hivyo hesabu mmoja. Anafungua mlango saa mbili asubuhi akikuta benchi limejaa. Anapima watoto uzito, anadunga chanjo, anaona wajawazito, anatibu kikohozi na malaria, anafunga vidonda, tena yeye mwenyewe ndiye anayetoa dawa dirishani. Katikati ya hayo anaingia mama mwenye uchungu, na benchi lote lazima lingoje. Jioni anajaza vitabu. Kila kitu ulichomfanyia mgonjwa kina kitabu chake, na ikifika tarehe 5 ya mwezi ripoti zote ziwe zimefika ofisi ya kaunti ndogo, 711, 705, 710 ya chanjo, na nyingine. Usipopeleka unapigiwa simu. Usipokuwa na dawa hakuna anayekupigia.

Halafu kuna friji ya chanjo. Watu wengi hawaijui habari ya friji. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na joto hilo linaandikwa mara mbili kwa siku, kila siku. Si Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku, hata Jumapili na siku ya Idd. Kwa hivyo sista anayekaa kwenye nyumba ya zahanati hana siku ambayo hayuko kazini. Akienda kwao mazishini moyo uko kwenye friji. Usiku akisikia bodaboda inapanda kilima anajua ni mama wa kujifungua, anavaa viatu kabla hajaitwa.

Msimu nao una zamu zake. Milima yetu hii ilijulikana kwa milipuko ya malaria baada ya mvua za masika, wazee wanaikumbuka vizuri ile ya miaka ya tisini. Sasa hivi kuna vyandarua na dawa bora, alhamdulillah, lakini Mei hadi Julai benchi bado hurefuka. Na sisi ni watu wengi juu ya ardhi ndogo. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta Kisii watu 1,266,860 na Nyamira 605,576.

Sasa huo uchovu wenyewe ni upi? Maana mchuma majani chai wa Nyansiongo naye anachoka, anayechonga mawe Tabaka naye anachoka. Huo ni uchovu wa mwili, ukilala unaamka mzima. Huu ninaosema mimi ukilala unaamka nao. Mtu wa kwanza kuuandika vizuri alikuwa mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, mwaka 1974. Alikuwa akijitolea katika kliniki ya bure, akaona wenzake waliokuja na moto mkubwa wa kusaidia wanageuka majivu baada ya muda. Neno alilotumia ni la kitu kilichoungua kikaisha. Baadaye mama mmoja msomi wa Marekani, Christina Maslach, mwaka 1981 alitoa na mwenzake kipimo chake, na kinatumika mpaka leo. Anasema dalili ni tatu. Moyo kuishiwa, yaani huna tena cha kumpa mtu. Pili, mgonjwa kuacha kuwa mtu machoni pako. Tatu, kuona kazi yako haina faida yoyote.

Hiyo ya pili ndiyo nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayowaleta hapa kulalamika. Msikilize daktari aliyechoka hivyo anavyosema. Hasemi "mama fulani", anasema "yule wa kifua", "wewe wa mimba, ingia". Haangalii uso, anaangalia kitabu. Ukimwuliza swali mara mbili anakuona adui. Si kwamba alizaliwa na roho mbaya. Ameona watoto wakifa mikononi mwake kwa kukosa damu au kwa kuchelewa gari, na hakuna siku hata moja aliyokalishwa chini akaulizwa, wewe je, uko vipi? Moyo ukiumia mara nyingi bila kutibiwa hujifunga wenyewe, hiyo ni njia yake ya kuishi. Ila gharama yake analipa mama aliye kitandani. Kuna utafiti ulifanywa Kisumu, Nairobi na sehemu nyingine za nchi, ukachapishwa 2015, ukakuta mama mmoja kati ya kila watano alisema alidhalilishwa wakati wa kujifungua. Mimi sitetei hilo. Mwanamke kupigwa kofi akiwa na uchungu ni dhulma, na aliyefanya ashtakiwe. Ninachosema ni kwamba ukimfukuza huyo ukaleta mwingine ukamweka kwenye benchi lile lile peke yake, baada ya miaka mitatu utakuwa na malalamiko yale yale.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka uchovu huu kwenye orodha yake, na likasema wazi kwamba si ugonjwa wa mtu, ni jambo linalotokana na mahali pa kazi pasipotengenezwa. Hapo ndipo nagombana kidogo na baadhi ya masheikh na mapadri pia, ambao dawa yao ni moja, kumwambia mtu asubiri. Subira ni jambo kubwa. Lakini sista aliye peke yake usiku na wajawazito wawili haokolewi kwa kuambiwa asubiri, anahitaji sista wa pili. Kisa cha Salman na Abu Dardai mnakijua, sina haja ya kukirudia mbele ya ustadh. Mwili una haki yake, hata kwa mtu anayefanya ibada usiku kucha.

Tuangalie yaliyotufikisha hapa. Juni 2013 serikali iliondoa ada za zahanati na vituo vya afya, na kujifungua kukawa bure hospitali za umma. Lilikuwa jambo jema sana, mama zetu walikuwa wanajifungulia nyumbani kwa sababu ya pesa. Wakaja. Wauguzi hawakuongezeka kwa kasi ile. Mwaka huo huo afya ikahamia kaunti, na tangu hapo mshahara kuchelewa imekuwa habari ya kawaida katika kaunti nyingi. Ndiyo mkaona mgomo wa madaktari wa siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakafuata 2017 kwa miezi mitano, halafu 2024 madaktari siku 56 na maafisa wa kliniki zaidi ya miezi mitatu. Mgomo unamwumiza mgonjwa, hilo nalijua. Lakini nawaambia na hili pia, aliyegoma hurudi kazini akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, kwa sababu benchi lilikuwa likimngoja na kijiji kimemkasirikia.

Wako walioajiriwa 2020 kwa kandarasi chini ya mpango wa afya kwa wote, wakakaa miaka na kandarasi, kazi sawa na mwenzako lakini mshahara si sawa. Mtakumbuka Dkt. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28, aliyekufa kwa korona Desemba 2020 akiwa amefanya kazi Machakos kwa miezi bila mshahara. Jina lake linatosha kuwaambia asili yake. Na Septemba 2024 nchi ilisikitika kwa daktari mwanagenzi aliyejitoa uhai, na wenzake wakazungumza wazi juu ya zamu za saa 36. Mambo hayo huwa hayana sababu moja, tusiwahukumu waja. Ila aliye hapa na anahisi amefika ukingoni asikae peke yake nalo, aje tuzungumze leo hii, mimi sitatoka mapema.

Tangu Oktoba 2024 tuko kwenye bima mpya ya SHA. Matibabu ya zahanati yanalipwa na mfuko wa afya ya msingi, mgonjwa halipi, lakini ni lazima awe amesajiliwa. Sasa mtandao ukipotea, nyanya wa miaka 75 ametembea kilomita nne, nani anasimama dirishani kumweleza? Ni sista yule yule. Serikali haionekani, yeye ndiye anaonekana.

Halafu kuna mambo ambayo si ya serikali, ni yetu sisi wenyewe. Ukiajiriwa huku kwetu wewe ni benki ya ukoo. Karo ya wadogo zako, matanga, harambee. Mshahara hautoshi, kwa hivyo ukitoka zamu unakwenda kufanya lokamu kwenye kliniki ya mtu mjini mpaka saa nne usiku, asubuhi unarudi zahanati. Na simu haizimwi. Mimi nimewahi kupigiwa saa nane usiku na jamaa anayeuliza kama Panadol humezwa kabla ya chakula au baada. Nilimjibu vizuri, lakini sikulala tena.

Mtaniuliza Ramadhan inakuwaje. Kufunga ukiwa kazini si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani, tatizo ni usingizi. Unaamka daku, unafanya kazi kutwa, magharibi inakukuta glavu ziko mikononi, unafuturu kwa tende moja ambayo mwenzako amekutilia mdomoni. Hapa lazima niwasifu Wasabato, ambao ndio wengi huku. Tumekuwa tukibadilishana nao bila kugombana, sisi tunashika Jumamosi zao, wao wanashika Ijumaa mchana na siku ya Idd. Nimefanya kazi sehemu moja, sitaitaja, mkubwa alikataza mpango huo na kusema kila mtu afuate ratiba ilivyo. Muda si mrefu wawili wakaomba uhamisho. Ratiba inayosikiliza watu haina gharama ya hata shilingi.

Sasa nyinyi mnaweza nini? Mkiniambia mtaandamana kwenda kwa gavana, sawa, lakini kuna njia fupi. Kila zahanati ina kamati yake, na kiti cha vijana mara nyingi kinakaliwa na mtu wa miaka hamsini. Ingieni. Sheria ya 2023 ya fedha za vituo inasema pesa zinazopatikana pale zibaki pale, kwa hivyo kamati iliyo macho inaweza kupata mtu wa kuandika vitabu au wa kupanga foleni, na hapo umemrudishia sista saa mbili kwa siku. Pili, bajeti ya kaunti lazima ifike bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wanaitwa kutoa maoni. Nimehudhuria vikao hivyo. Watu wanaomba barabara na taa za soko. Sijamsikia hata mmoja akisema, tunataka muuguzi wa pili katika zahanati yetu. Semeni nyinyi, na iandikwe.

Tatu, wale wahudumu wa afya wa kijamii waliopewa mikoba 2023, mnaowaona nyumbani kwenu, watumieni. Homa ndogo, swali la vidonge, mtoto kukosa chanjo, anzeni kwao. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu nusu ya kaunti, wao pia wanachoka, kwa hivyo pole pole.

Na nyinyi mlioko KMTC hapa Kisii, ambao kesho mtavaa koti. Chukueni likizo zenu zote, msiziuze. Tafuteni mtu mmoja wa kazi mnayeweza kumwambia ukweli. Mama akifia mikononi mwako, usiende moja kwa moja kwa mgonjwa anayefuata kama ambaye hakuna lililotokea, kaeni wote walioshiriki hata robo saa mzungumze. Siku utakapojisikia unasema "yule wa kifua", jua imeanza, na iseme kwa mkubwa wako mapema.

Naona ustadh anaangalia saa, na akina dada wamekwisha anza kupanga sinia. Maswali tuyachukue baada ya Magharibi, na wale wa kamati za zahanati wabaki nyuma tuandikiane namba.

Wabillahi taufiq, wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.