Farasi Asiyefika Baraka
Mhadhara wa umma juu ya kuurejesha mchezo wa farasi baada ya maradhi

Huenda yuko kati yenu aliyeisoma anwani ya mhadhara huu akastaajabu, kwani katika Fizi yetu, mashariki mwa Kongo, tangu mwambao wa Ubwari hadi nyanda za juu za Itombwe, mali ya mtu huhesabiwa kwa ng'ombe na mbuzi, wala farasi hana uwanja kwetu. Nami nakiri kwamba nilimchagua mnyama huyu kwa sababu hiyo hasa. Maana mtu huweza kulitazama jeraha la jirani kwa utulivu ambao hawezi kuwa nao anapolitazama lake.

Na farasi hakukosa kufika kwa kuwa hakuna aliyemleta. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, ambaye hatimaye alimkuta Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika letu, alikuwa na farasi wawili; nao hawakuiona hata nusu ya njia, bali walikufa mapema safarini, mmoja nyuma ya mwenziwe kwa muda wa saa chache, na Stanley alipompasua mmoja alikuta tumboni mwake minyoo. Stanley na Livingstone walipoingia mtumbwini kwenda kuutazama mlango wa mto Rusizi, farasi walikwisha kuwa habari ya kale. Pasipokuwa na minyoo palikuwa na mbung'o, na pasipokuwa na mbung'o palikuwa na maradhi ambayo sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumezoea kuyaita tauni ya farasi, yaletwayo na usubi, kijidudu kidogo kuliko mbu, kiumacho wakati wa magharibi na usiku. Katika namna yake iliyo kali, tauni hiyo huweza kuua farasi tisa katika kila kumi wasio na kinga, ilhali punda milia huibeba damuni bila kuonyesha dalili. Huko Rasi ya Tumaini Jema, katika miaka ya 1854 na 1855, ilifyeka farasi wapatao 70,000.

Hata hivyo Nairobi, ambayo i katika bara hilihili lenye usubi, ina uwanja wa mbio za farasi pale Ngong tangu mwaka 1954, na mbio zingaliko. Siri yake si kubwa: farasi huchanjwa, naye huingizwa bandani kabla ya jua kuchwa. Lakini jambo dogo lifanywalo kila siku, mwaka baada ya mwaka, na mtu asiyeonekana na watazamaji, yaani saisi, ndilo linaloushikilia mchezo mzima. Na juu ya saisi huyu nitarudi, kwa kuwa ndiye niliyemjia.

Lakini kwanza tuutazame mchezo uliosimamishwa na maradhi, kisha ukarejeshwa. Februari 2021, mjini Valencia, Hispania, mamia ya farasi kutoka nchi mbalimbali walikuwa wamekusanyika kwa mashindano ya kuruka viunzi ya wiki kadhaa, mara ikazuka homa ya virusi vya jamii ya hepesi, ambayo hupita puani na huweza kushuka hadi kwenye uti wa mgongo, mnyama akapooza nyuma asiweze kusimama. Farasi 18 walikufa. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi likayafuta mashindano katika nchi 10 za bara la Ulaya hadi tarehe 11 Aprili. Viwanja vilipofunguliwa tena havikufunguliwa kama vilivyokuwa: farasi hakupokewa bila cheti cha kupimwa, joto lake lilipasa kutwaliwa mara mbili kwa siku na kuandikwa, na aliyevuka nyuzi 38.5 alitengwa na habari zake zikatolewa hima.

Nawaomba mlitafakari sharti hilo la kuandika joto. Ni nani alitwaaye alfajiri, wakati mpanda farasi angali amelala? Ni saisi, mtu wa ujira. Naye akiliona joto limepanda, anajua kwamba neno lake moja laweza kulifunga banda, kumtoa bwana wake mashindanoni, na kumkatia yeye mwenyewe riziki ya mwezi. Basi, madhali hali ni hiyo, kila kanuni ya kuzuia maradhi hutegemea swali lisiloandikwa katika kanuni: huyu anayesema kweli, nani atamlisha?

Waaustralia walilijibu swali hilo vizuri kuliko wengi niwajuao. Agosti 2007 mafua ya farasi, ambayo hayakuwa yamepata kuingia nchini mwao kabla ya hapo, yalipenya, na kwa siku chache wanyama wote wa jamii hiyo wakaamriwa wasiondolewe walipo. Mbio kubwa za Sydney za majira ya kuchipua zikafutwa, na makumi ya maelfu ya farasi wakaugua. Ndipo nchi ikagawanywa katika kanda kwa kadiri ya hatari, chanjo ikapelekwa palipohitajiwa, na serikali ikatoa fedha kuwasaidia waliosimamishwa kazi na zuio: watunza mabanda, mafundi wa kupiga viatu vya chuma kwatoni, madereva wa malori ya farasi. Kabla ya mwaka kwisha maradhi yalikoma. Kisha jaji mstaafu, Ian Callinan, akapewa kazi ya kuchunguza, na taarifa yake ya mwaka 2008 ikatamka waziwazi kwamba ulegevu ulikuwa katika karantini ya dola yenyewe. Naliheshimu mno jambo hili. Mwenye banda aliyekwisha kuona dola ikitajiwa kosa lake hadharani hana tena haya ya kutaja homa ya farasi wake.

Sisi wa Baraka, humu Fizi, hatuhitaji kuvuka bahari ili kulielewa hilo. Kipindupindu tunakijua kwa jina na kwa msimu, na tunamjua pia mtu afichaye mgonjwa ndani kwa kuogopa macho ya majirani. Nami nilipokuwa mtoto niliwaona mbuzi wa babu yangu wakianza kutoka makamasi na kuharisha, wawili kwanza, kisha watano. Hakumwambia mtu. Siku ya soko aliwaswaga wote, wazima na wagonjwa, akawauza kwa bei ya haraka, na kabla ya mwezi kuandama mbuzi walikuwa wakifa katika vijiji vitatu. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza, kwa adabu, kwa nini alifanya vile, naye hakunikasirikia. Alisema, “Mjukuu wangu, ningesema, ningerudi nyumbani na nini?”

Kwa hiyo ninaloomba mbele yenu ni dogo: pale wauzapo mbuzi, pawe na zizi la pembeni, daftari, kipimajoto, na mfuko uchangwao kwa kila mnyama auzwaye, ili atakayemtoa mbuzi wake mgonjwa kwa hiari arudi nyumbani na sehemu ya thamani yake mkononi. Daftari la kwanza nimelinunua mwenyewe. Liko hapa mezani, na kurasa zake bado ni nyeupe.