Kichezeo Kilichobeba Mfumo: Gramafoni ya Waltershausen na Biashara ya Sauti



Jioni hii naomba tuzungumzie kichezeo cha watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, kampuni ya Kämmer & Reinhardt ya mji wa Waltershausen, Ujerumani, iliyojulikana kwa wanasesere wake, iliuza gramafoni ndogo iliyotokana na uvumbuzi wa Emile Berliner, mzaliwa wa Hannover aliyehamia Marekani mwaka 1870. Haikuwa na springi wala mota. Mtoto aliizungusha kwa mkono: akiharakisha, sauti ilipaa, akilegea, ilididimia. Santuri zake zilikuwa na kipenyo cha sentimita 12.5 hivi, na wimbo haukuchukua muda kwisha.

Nashikilia kwamba chombo hiki hafifu kilikuwa tayari na kanuni iliyokuja kuongoza biashara ya muziki kwa miongo mingi: mmoja anarekodi, maelfu wanasikiliza.

Fonografu ya Thomas Edison, ya mwaka 1877, ilitumia mcheduara. Mwenye mashine hiyo aliweza kusikiliza, na aliweza pia kurekodi sauti yake mwenyewe. Ugumu ulikuwa kwenye nakala. Kabla ya mbinu za kumimina nta katika kalibu kuenea kibiashara, mwanzoni mwa karne ya 20, mwimbaji alilazimika kurudia wimbo uleule mara nyingi ili zipatikane nakala za kutosha.

Berliner aliifuata njia nyingine. Alichukua bamba bapa la zinki, akalipaka utando mwembamba wa nta, na sindano ikachora sauti juu yake. Kisha tindikali ikala chuma pale nta ilipoondolewa, kikabaki kifereji. Kutokana na bamba hilo ilitengenezwa kalibu ya chuma, na kalibu ikagonga nakala moja baada ya nyingine. Uimbaji wa mara moja ukatosha.

Unafuu huo ulikuwa na gharama yake. Mnunuzi wa gramafoni alipewa masikio, akanyimwa kinywa: hakuweza kurekodi chochote. Ndiyo maana watafiti wa muziki, wakiwemo wale wa hifadhi ya sauti iliyoanzishwa Berlin mwaka 1900, waliendelea kuthamini mcheduara.

Mwaka 1896, fundi Eldridge Johnson wa Camden, New Jersey, aliipatia gramafoni mota ya springi iliyofaa, na kichezeo kikawa chombo cha sebuleni. Kanuni haikubadilika. Kwa kanuni hiyohiyo mwimbaji Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikawafikia watu wa mwambao ambao hawakuwahi kumwona. Lakini studio na kiwanda vilikuwa ng'ambo ya bahari, na uamuzi wa nani arekodiwe ulikuwa mikononi mwa kampuni.

Kwa hiyo, tunapoandika historia ya teknolojia, tusiishie kupima ubora wa sauti. Tuulize nakala zilitengenezwaje, nani alimudu bei, na nani alibaki na uwezo wa kurekodi. Nazisihi makumbusho na idara zetu zihifadhi vifaa vya bei ya chini kwa bidii ileile tunayohifadhi vya fahari, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyoingia katika nyumba za wengi na kuwazoesha kununua sauti za wengine.