Baidoa: Baa la Njaa Katika Nchi ya Mtama

Mkoa wa Bay, kusini mwa Somalia, ndio unaovuna sehemu kubwa ya mtama wa nchi hiyo. Udongo wake mweusi hushika maji, na wakulima wake, wengi wao Warahanweyn, huhifadhi mavuno katika mashimo yaliyochimbwa ardhini na kufunikwa vizuri, akiba ya kuwavusha msimu mbaya. Lakini mwaka 1992 makao makuu ya mkoa huo, Baidoa, yalijulikana duniani kote kama mji wa mauti. Kila asubuhi lori lilizunguka mitaani kuokota maiti. Mada hii inauliza ilikuwaje njaa ikaua zaidi pale panapolimwa chakula.

Ukame ulikuwepo, na hakuna anayebisha. Ila kusini mwa Somalia mvua hukosekana mara kwa mara, na mashimo yale yalichimbwa kwa sababu hiyohiyo. Kilichobadilika ni kwamba Januari 1991 Rais Siad Barre aliikimbia Mogadishu, na majeshi yaliyobaki upande wake, chini ya mkwe wake Jenerali Mohamed Said Hersi, maarufu kama Morgan, yakarudi nyuma kuelekea kusini-magharibi. Jeshi lisilo na mshahara hula linapopiga kambi. Kwa miezi kadhaa, hadi Aprili 1992, wanajeshi hao waliitesa Bay: wakafukua mashimo, wakaswaga ng'ombe na ngamia, wakaharibu visima. Nao wapiganaji wa Jenerali Aidid, mmoja wa viongozi wa waasi waliomng'oa Barre, walipowafurusha walijichukulia vya kwao.

Katika shimo la mtama kuna chakula cha mwaka huu na mbegu za mwaka ujao. Anayelifukua usiku mmoja amechukua mavuno mawili. Mvua ikija, mwenye shamba hana cha kupanda, hana fahali wa kuuza anunue mbegu, na wanawe wameshadhoofika hata jembe hawawezi kulinyanyua. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo katika kipindi hicho, na wengi wao walikuwa wakulima wa Bay na wa mabonde ya mito Juba na Shabelle.

Mara nyingi husemwa Wasomali ni taifa la watu wamoja, lugha moja na dini moja. Anayesema hivyo hajamsikia Mrahanweyn akizungumza Kimaay, wala Mbarawa akizungumza Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ya mji wa Barawa. Wabarawa walikuwa wafanyabiashara na mafundi wasio na jeshi la ukoo. Makundi yaliyopita yakapora nyumba kwa zamu, na wengi wakapanda vyombo kukimbilia Mombasa. Kandokando ya Juba waliishi Wabantu, wakiwemo Wazigua ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanzania ya leo katika karne ya 19 na ambao hawajaisahau lugha yao. Baadhi walirejea Handeni wakiwa wakimbizi, katika nchi ya mababu, na Tanzania ikawapa uraia. Jamii hizi tatu zinafanana kwa jambo moja: zilikuwa na mali au ardhi nzuri, na hazikuwa na bunduki za kuilinda.

Wala uporaji haukuanza mwaka 1991. Sheria ya ardhi ya 1975 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na aliyetaka kutambulika ilimlazimu aandikishe shamba mjini. Wakubwa wa serikali na jamaa zao waliandikisha mashamba mazuri ya kando ya mito. Mkulima aliyerithi shamba kwa babu yake akajikuta mvamizi. Vita vilikuja kumalizia kwa mtutu kazi iliyoanzwa na karani.

Misaada nayo iliingia kwenye mzunguko uleule wa uporaji. Gunia la mchele bandarini Mogadishu lilikuwa fedha: lilitozwa ushuru kwenye vizuizi vya barabarani, likauzwa sokoni, likanunua risasi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikagundua njia ya kijanja, ya kufungua mamia ya majiko na kugawa chakula kilichopikwa. Chungu cha uji hakiuziki, na kesho kimechacha. Mwanamgambo hana haja nacho.

Umaskini uliofuata nao una historia yake. Viwanda vya sukari vya Jowhar na Mareerey viliporwa hadi mitambo, na nchi iliyowahi kujitengenezea sukari ikawa njia ya magendo ya sukari ya nje kuelekea Kenya kupitia Kismayo. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya ndizi za Shabelle ya Chini ilifufuka, lakini ushuru wake ukawa chanzo cha mapigano mapya, na wanamgambo waliokalia mashamba wakalipwa huku wenye mashamba wakifanya vibarua. Mafuriko ya mwaka 1997 yakaizamisha biashara yenyewe.

Mwaka 2011 ukame uleule uliipiga Kenya kaskazini, Ethiopia na Somalia. Watu waliteseka Mandera, Wajir na Turkana, lakini baa la njaa lilitangazwa kusini mwa Somalia peke yake, kuanzia Julai 20. Wanamgambo wa Kiislamu wa Al-Shabaab walikuwa wameyafukuza mashirika mengi ya misaada na kuwazuia watu kuhama. Sheria za Marekani dhidi ya ugaidi nazo ziliyatia mashirika hofu ya kushtakiwa. Watu wapatao 258,000 walikufa, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Mpaka ule wa kuchorwa na wakoloni ulitenganisha ukame na mauti.

Mwaka 2022 Baidoa ilitajwa tena. Safari hiyo misaada ilifika kabla baa la njaa halijatangazwa, ingawa makadirio ya vifo nchini mwaka huo yanafika 43,000. Maelfu kwa maelfu ya wakulima waliojaa kwenye kambi za mji huo hawana haraka ya kurudi: vijijini Al-Shabaab wanawatoza mazao na mifugo, na kambini kuna mabwana wanaokata fungu lao katika kila mgawo.

Kwa kuwa uporaji ulianzia kwenye ardhi, mada hii inapendekeza semina hii ianze na suala la ardhi kabla ya kuhesabu magunia ya misaada. Masjala ya serikali ilikufa pamoja na serikali yenyewe mwaka 1991. Wazee wengi wanaoijua mipaka ya mashamba ya bonde la Juba wametawanyika kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, Handeni na Marekani. Baraza lolote la ardhi litakalokaa Kismayo au Mogadishu bila kuwafuata huko na kuchukua ushahidi wao litakuwa linawaandikia hati watoto wa waliopora.