Mtani Ndani ya Ukoo

Kujifahamu, yaani mtu kuujua mwenendo wake pamoja na zile kasoro ambazo macho yake mwenyewe hayazioni, huzungumzwa siku hizi kana kwamba ni kazi ya kujifungia chumbani na kujihoji, ilhali katika vijiji vya mwambao wa Bagamoyo, Mlingotini kikiwa kimojawapo, kazi hiyo imekuwa tangu zamani mikononi mwa jamaa maalumu waliopewa ruhusa, na mara nyingine wajibu, wa kumwambia mtu yale ambayo wengine humsitiri. Jamaa hao ni watani. Uhusiano wao huitwa utani, neno ambalo katika maongezi ya kawaida limepunguzwa likabaki kuwa mzaha tu, lakini ambalo kimila lina masharti yake: anayetaniwa haruhusiwi kukasirika, na anayetania hana budi kuipokea zamu yake itakapofika.

Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliyafafanua masharti hayo katika makala yake ya mwaka 1940, na mwaka 1944 R. E. Moreau akachapisha uchunguzi wake juu ya utani wa Tanganyika. Moreau hakuwa mtaalamu wa jamii bali wa ndege, aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, na huenda mazoea ya kukaa kimya akisikiliza milio ndiyo yaliyomfaa. Utani unaojulikana zaidi ni wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, unaohusishwa na enzi za misafara, wapagazi kutoka bara walipoteremka Bagamoyo na pembe za ndovu na kupita katika nchi ya Wazaramo waliodai hongo, neno ambalo wakati ule lilimaanisha ushuru wa njia. Huo ni utani wa njiani na wa sokoni. Unaomfikia mtu nyumbani kwake kila siku ni utani wa ukoo.

Wazaramo na Wakwere, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa ukanda huu, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, yaani kukeni, wakati sheria ya Kiislamu imeupa upande wa baba, yaani kuumeni, uzito mkubwa hasa katika mirathi, kwa hiyo mtoto hukua akiwa na pande mbili zinazomdai kwa namna tofauti. Mjomba huheshimiwa, na neno lake katika posa si la kupuuzwa. Watoto wake, walio mabinamu, hutaniwa bila kiasi. Mkwe huheshimiwa hadi kuepukwa, na wapo wanaobadili njia ili wasikutane naye uso kwa uso. Babu na bibi, ambao mgeni angedhani ndio wa kuheshimiwa kuliko wote, ni watani wa wajukuu wao.

Jambo hilo huonekana vizuri pwani wakati wa bamvua, yaani zile siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ambapo bahari hupwa sana na wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, hupata saa chache za kufikia kamba zao zilizofungwa kwenye vigingi. Bibi aliyeinama akifunga vipande vya mwani kwa taitai, zile nyuzi fupi za plastiki, humwita mjukuu wake wa miaka kumi na miwili "mume wangu", kisha humuuliza mbele ya wanawake wote ni mume gani huyu anayekula futari ya watu na kamba moja hajaibeba. Wanawake hucheka, mtoto naye hucheka, na kabla maji hayajarudi huwa ameshabeba kamba. Maneno yayo hayo yakitoka kwa mama yangekuwa karipio, na karipio humfanya mtoto ajitetee. Yakitoka kwa bibi hayana pa kujibiwa, kwa kuwa mila imeshaondoa ugomvi ndani yake, na kinachobaki ni ile picha ya uvivu ambayo mtoto ameiona mwenyewe.

Utani basi huhitaji watu watenganishwe: linalosemwa mbele ya binamu halisemwi mbele ya mkwe. Hapo ndipo magrupu ya familia ya WhatsApp, ambayo yamewaunganisha waliobaki kijijini na waliohamia Dar es Salaam au Maskati, yalipoleta hasara isiyotajwa sana. Katika grupu moja wamo mkwe, mjomba, binamu na mjukuu, wote wakisoma ujumbe ule ule, na kwa kuwa kila mmoja analazimika kusema lile linaloweza kusikiwa na wote, mazungumzo hubaki kuwa salamu za Ijumaa, dua kwa wagonjwa na orodha za michango. Mawasiliano yameongezeka, hilo halina ubishi, na michango hiyo imewatibu wengi. Lakini mtu anaweza kukaa mwaka mzima katika grupu la jamaa themanini asiambiwe hata mara moja kwamba amekuwa na majivuno.

Mazishi ndiyo yaliyobaki kuwarudisha wote mahali pamoja, na watani huyatumia, ingawa wapo masheikh wanaolikemea jambo hilo. Mtani huvaa kanzu ya marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akaigiza alivyokuwa akikopa tumbaku na kuahidi kulipa kesho, na waliokuwa wakilia hujikuta wanacheka huku machozi yakiwatoka. Baadaye huligeukia kundi lililoshuka asubuhi kutoka mjini, akamwiga mmoja wao anavyoitazama simu huku akipewa pole. Anayeigwa hana ruhusa ya kununa. Huitia simu mfukoni, akatoa fedha kidogo za kulikomboa jembe ambalo mtani amelikalia, na kaburi likaendelea kuchimbwa.