Kitabu tulichosoma bila kulazimishwa
Maneno yetu mbele ya wanafunzi



Leo hatukuja kuwaita barabarani. Tumekuja kuongea juu ya kitabu. Wengine watacheka: vijana wenye diploma, bila kazi, wanakaa kusoma riwaya! Mucheke, kisha musikilize.

Ku iniversite siye tulisomaka silabusi. Unainunua, unaishika kwa kichwa, unairudisha mu egzame sawa vile iliandikwa. Mwenye kuuliza swali aliitwa mwenye kiburi. Tulitoka na diploma, lakini hakuna siku mtu alituuliza: wewe mwenyewe unawaza nini?

Ndiyo maana tulianza kusoma kwa kupenda kwetu. Tulikuwa watu tisa, kopi moja: Mathématiques congolaises ya In Koli Jean Bofane, iliyotoka mwaka 2008. Kila mtu alikaa nayo siku nne. Sheria ilikuwa moja: hakuna kuleta resime. Unaleta ukurasa mmoja juu ya kile kilichokusumbua.

Célio ni kijana yatima wa Kinshasa, mwenye akili ya hesabu. Mu kile kitabu njaa inatembea mjini sawa mtu. Siku moja mukubwa wa ofisi ya utawala anaona ile akili, anamupa kazi: kupanga uongo wa kudanganya wananchi. Sasa Célio anakula, anavaa vizuri.

Wengi wetu tuliandika kwamba tunamuelewa. Nani angekataa? Halafu dada mmoja wa mwaka wa kwanza akasoma ukurasa wake: "Rafiki yake alikufa mu maandamano ya kulipiwa. Njaa naielewa, miye pia niko nayo. Lakini nataka kujua: ni siku gani alijua, na akaendelea?"

Ndugu mmoja akamujibu: "Ni rahisi kusema, wewe bado unalipiwa masomo." Dada akasema: "Ni mama analipa. Anauza makala."

Chumba kikanyamaza. Ndipo mwenzetu mwingine akafunua kwamba mtu wa politike alikuwa amemuita, amulipe franga ili aandike maneno ya kuchafua wengine ku WhatsApp. Hakuwa amemuambia mtu, na alikuwa hajajibu. Umeme ukakatika, tukawasha simu, tukaendelea kubishana. Hatukupiga kura. Kisha yeye mwenyewe akaenda kukataa. Mpaka leo hana kazi, na siye hatuna cha kumupa. Hilo tunalisema wazi, juu hatutaki kuwadanganya.

Lakini bila ile riwaya, angebaki peke yake na ile siri. Ilikuwa rahisi kuongea kwanza juu ya Célio, halafu juu yetu.

Ombi letu ni dogo. Tafuteni kitabu kimoja ambacho hakuna profesa aliwalazimisha. Iko Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mwana wa Lubumbashi, juu ya mji wa machimbo. Iko Congo Inc. ya Bofane tena, ya mwaka 2014, juu ya kijana anayetoka porini kutafuta utajiri Kinshasa. Muazime, mupokezane. Muandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili, Kifaransa ao Lingala, na musiogope kupinga mwandishi, wala kutupinga siye.

Jumamosi ijayo, saa nane. Kopi yetu imechakaa, lakini kurasa zote ziko.