Meno ya mamba wa Olduvai



Jioni moja ya wiki iliyopita nilipita kwenye kijiwe chetu cha kahawa, pale nyuma ya msikiti, nikiwa na habari niliyotoka kuisoma, na kwa kiherehere cha kazi yangu nikaona niwasimulie wenzangu. Nikawaambia kwamba yupo Mtanzania, Dk. Jackson Njau, ambaye mwaka 2006 alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Rutgers huko Marekani, na kwamba utafiti uliompa shahada hiyo ulihusu mamba, hasa alama ambazo meno yake huacha juu ya mifupa.

Kijiwe kizima kilicheka. Fundi cherehani mmoja, mtu wa Rufiji na mkubwa wangu kwa umri, alifuta macho akasema: “Mdogo wangu, miaka yote hiyo ya shule mtu anahesabu meno ya mamba? Si angekuja kwetu Rufiji tukamwonyesha bure?” Nami nikacheka pamoja nao, ila swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Linastahili jibu, na ndilo nililokuja nalo leo studioni.

Tuanzie kwenye bonde lenyewe. Olduvai, au Oldupai kama Wamasai wanavyolitamka jina la ule mkonge pori unaoota huko, ni bonde lenye kuta ndefu kati ya Ngorongoro na nyanda za Serengeti. Ukisimama ukingoni unaona matabaka ya udongo yamepangana kama chapati: jeusi, jekundu, kijivu. Hapo zamani sana palikuwa na ziwa la maji ya magadi lililojaa na kupungua kadiri hali ya hewa ilivyobadilika, na kandokando yake vilitoka vijito na chemchemi za maji matamu. Milima ya volkano iliyo jirani ilikuwa ikimwaga majivu, na majivu hayo ndiyo yanayowawezesha wataalamu kupima umri wa kila tabaka.

Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alitoka peke yake asubuhi kwa kuwa mumewe Louis alikuwa kalala kambini na homa, akakuta fuvu la zamadamu ambalo dunia nzima ililijua kwa jina la Zinjanthropus. Umri wake ni kama miaka milioni 1.84. Mwaka uliofuata, si mbali na hapo, ukapatikana mguu wa kushoto, yaani mifupa ya unyayo kuanzia kifundo, uliopewa namba OH 8. Ukapatikana pia mguu wa chini, muundi na mwenzake, ukapewa OH 35. Mwaka 1964 kundi hilo la viumbe likapewa jina la Homo habilis, kwa maana ya mtu hodari wa kazi za mikono, kwa sababu waliaminika kuwa ndio waliochonga mawe yaliyotapakaa pale.

Niruhusu nichepuke kidogo. Mahali lilipopatikana lile fuvu panaitwa FLK katika vitabu vyote vya wataalamu, iwe London, iwe Tokyo. Herufi ya mwisho ni K ya “korongo”. Ni Korongo la Frida Leakey, kwa jina la mke wa kwanza wa Louis. Yako mengine mengi, yote yanaishia na K. Kwa hiyo profesa anayefundisha habari za Olduvai popote duniani hana budi kutamka neno moja la Kiswahili, ajue asijue.

Sasa turudi kwenye mifupa. Palipopatikana fuvu palikuwa pia na maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama pamoja na mawe yaliyochongwa. Kwa miaka mingi picha iliyochorwa ilikuwa nzuri mno: hapa ni kambi, mababu zetu wamewinda, wamekata nyama, wamekaa wanakula. Mwaka 1981 watafiti walipoanza kuiweka mifupa hiyo chini ya hadubini, waliona michoro ya visu vya mawe, na wakaona pia alama za meno ya wanyama. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Je, aliyemwua nyumbu ni mtu au simba? Mtu alikula kwanza, au alikuja baada ya simba kushiba, akapasua mfupa kwa jiwe apate uboho uliobaki? Tofauti si ndogo. Mmoja ni mwindaji, mwingine ni mwokota makombo.

Wabishi hao walikuwa wamejifunza sana juu ya simba, fisi na chui. Walijua fisi akila anasagaje mfupa, na simba anaachaje ncha zake. Lakini kumbuka, msikilizaji, hapa tunazungumzia ukingo wa maji, na meno ya mamba yaliokotwa humo humo katika udongo wa Olduvai. Huyu mkubwa aliyelala majini anakulaje, na mfupa anauachaje? Hilo halikuwa limepimwa vya kutosha. Mtu wa Rufiji anaujua ukali wa mamba kuliko mimi na wewe, hilo sina ubishi nalo. Asichokijua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya kukitazama, ni sura ya alama moja ya jino la mamba juu ya mfupa, na jinsi ya kuitofautisha na alama ya jino la chui au ya ncha ya jiwe.

Kazi ikawa hiyo. Dk. Njau aliwaangalia mamba wanaofugwa wakilishwa nyama yenye mifupa, kisha akaikusanya mifupa iliyobaki, akaisafisha na kuikagua mmoja mmoja kwa kioo cha kukuzia. Akaongeza mifupa iliyookotwa porini. Matokeo ya kazi hiyo aliyatoa mwaka 2006 pamoja na profesa wake, Robert Blumenschine, na kwa ufupi ni haya.

Mamba hatafuni. Taya zake hufunga na kufunguka, basi. Hazisagi upande kwa upande kama zetu. Anakamata, anatikisa, anajiviringisha mpaka kiungo kinakatika, kisha anameza kipande kizima kizima. Kwa hiyo hukai ukaona mfupa wa mamba uliogugunwa ncha kama wa fisi. Mifupa mingi anaiacha bila hata mkwaruzo, lakini ile michache aliyoishika sawasawa unaikuta imejaa vishimo na mikwaruzo kupita kiasi, na bado ni mizima. Halafu lipo jambo dogo lililo muhimu kuliko yote. Jino la mamba ni la mviringo mfano wa pegi, lakini lina kingo mbili kali zilizoteremka pande zake, moja huku na moja huku. Kingo hizo huwa kali zaidi jino likiwa jipya, na mamba huota meno mapya maisha yake yote. Likizama kwenye mfupa linaacha kishimo chenye ufa katikati, kama punje ya kahawa. Simba hana alama hiyo, wala fisi.

Mtu akishajua hivyo anarudi makumbusho, anafungua kabati, anatoa ule mguu wa 1960. Ndivyo walivyofanya. Na mwaka 2012 Njau na Blumenschine walieleza walichokiona: mguu OH 8 una alama za meno ya mamba. Muundi OH 35 nao ulipitia kwa wanyama walao nyama, mamba akiwamo. Mifupa hiyo ilikuwa imeshikwa na mabingwa wa dunia kwa nusu karne. Walipima vipimo vyake, wakaandika juu ya namna mwenyewe alivyotembea. Alama za mauti yake, au walau za kuliwa kwake, zilikuwa pale pale juu ya mfupa zikisubiri mtu aliyepoteza miaka yake kwa mamba.

Mamba mwenyewe naye akapewa jina. Awali alidhaniwa kuwa ni huyu huyu tunayemwona leo mitoni. Mwaka 2010 Njau na wenzake, wakiongozwa na Christopher Brochu, walionyesha kwamba ni wa jamii nyingine iliyokwisha kutoweka, mwenye kichwa chenye vinundu kama pembe. Wakamwita Crocodylus anthropophagus, yaani mamba mla watu. Mimi husema wanasayansi hawajui mzaha, lakini hapo walijitahidi.

Mpaka hapa fundi wangu angeweza kusema: haya, tumejua kwamba zamani mtu aliliwa na mamba, na leo analiwa. Sikatai. Lakini ngoja nikuonyeshe ukubwa wa jambo hili nje ya Olduvai. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa Dikika, Ethiopia, walitangaza mifupa miwili ya wanyama yenye umri wa takriban miaka milioni 3.4, ambayo walisema ina michoro ya mawe ya kukatia nyama. Habari hiyo ilitikisa vitabu, maana iliurudisha nyuma ufundi wa mtu kwa miaka mingi kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2017 watafiti wengine, Yonatan Sahle akiwa miongoni mwao, walitoa hoja kwamba meno ya mamba yanaweza kuacha michoro inayofanana mno na ya jiwe, hivyo ukikuta mfupa uliolala karibu na maji ya kale usiharakishe kumsifu babu. Ugomvi huo haujaisha, na pande zote mbili zina watu makini. Lakini tazama mahali uliposimama: swali la lini binadamu alianza kutumia zana limefika mikononi mwa mtu anayejua jino la mamba.

Wapo wanaotetea elimu ya visukuku kwa kusema inaleta watalii. Jibu hilo mimi silipendi. Si kwamba ni uongo, ila linaifanya elimu iwe mhudumu wa hoteli. Mtalii akikosa kuja mwaka mmoja, je, kweli nayo inaacha kuwa kweli? Mimi nina sababu nyingine, na hii inaniuma kidogo.

Kwa muda mrefu, katika mabonde yetu haya ya Afrika Mashariki, mikono iliyookota ilikuwa yetu na kalamu iliyoandika ilikuwa ya wageni. Mfano ulio wazi ni wa marehemu Kamoya Kimeu wa Kenya. Mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, ndani ya Tanzania, ni yeye aliyeliona taya la zamadamu. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, ni yeye aliyeona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto, na kipande hicho kikawa mlango wa kupata kiunzi karibu kizima cha yule kijana wa Turkana. Jicho lake lilikuwa darasa. Wangapi walipata udaktari kwa mifupa iliyoonwa na yeye na wenzake? Yeye mwenyewe alitunukiwa shahada ya heshima ya udaktari na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani mwaka 2021. Mwaka 2022 akafariki dunia.

Simlaumu mgeni aliyeandika. Bila yeye mengi yangebaki ardhini. Nasema tu kwamba swali la mamba lilihitaji mtu wa namna mbili, mwenye subira ya maabara na mwenye kujua kwamba ukingo wa maji si mahali pa mandhari. Mtu aliyekulia nchi ambayo mama anachota maji mtoni huku mwenziwe amesimama akiangalia mapovu, huyo akisikia “chemchemi kando ya ziwa” hawazi pikiniki. Anawaza nani yumo majini. Dk. Njau, ambaye baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu cha Indiana, aliendelea na swali la mazingira, na mwaka 2014 alikuwa mmoja wa viongozi wa mradi uliotoboa ardhi ya Olduvai kwa mashine ili kuvuta juu nguzo za udongo na kusoma ndani yake historia ya lile ziwa: lilipojaa, lilipokauka, na waliolizunguka walivyohangaika.

Juzi nilirudi kijiweni nikamweleza fundi haya yote, mfupa kwa mfupa. Safari hii hakucheka. Alishika kikombe chake muda mrefu, kisha akauliza: “Huo mguu una vidole?” Nikamwambia hauna, vidole havipo, na nyuma ya kisigino pamevunjika. “Na mwili wenyewe?” Nikamweleza kwamba mamba humeza vipande vizima, na asidi ya tumbo lake huyeyusha hata mfupa.

“Hilo la tumbo,” akasema, “ungeniuliza mimi.” Akamwita muuza kahawa atuongezee.