HOTUBA YA MWENYEKITI KWENYE SHEREHE YA MIAKA KUMI: KUCHANIKA WAKATI WA KUJIFUNGUA SI AIBU, NA KUNAWEZA KUPUNGUZWA



Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 15 chini ya mwembe, na sanduku letu moja lenye kufuli tatu. Leo tuko 30. Wapo waliojenga, wapo waliosomesha, wapo walionunua cherehani na wengine wamefungua genge. Habari za hisa na mikopo mtazisoma katika taarifa ya mweka hazina, humu humu ndani ya kijitabu. Sisi tumeomba nafasi hii tuseme jambo jingine, ambalo limekuwa likituumiza kimya kimya. Nalo ni kuchanika wakati wa kujifungua.

Tunajua wengine mmeshtuka. Mtasema, mbona wanasema mambo ya ndani mbele ya wanaume? Lakini wahenga walisema, mficha uchi hazai. Na ninyi akina baba, hao wanaochanika ni wake zenu na binti zenu. Tutasema kwa heshima, ila tutasema.

Jambo hili limeingiaje kwenye kikundi cha kuweka na kukopa? Limeingia kwa sababu mwenzetu mmoja alianza kukosa vikao baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza. Wengine wakasema ameshindwa rejesho. Tukatuma watu nyumbani kwake. Kumbe alichanika vibaya, akashonwa juu juu, na tangu siku ile upepo na choo vilikuwa vinamtoka bila yeye kujizuia. Aliogopa kukaa benchi moja na wenzake. Miezi saba alijifungia ndani, na biashara yake ikafa. Alipokubali kusema, ndipo alipopelekwa hospitali ya rufaa akafanyiwa upasuaji. Leo yumo katikati yetu hapa, na wala hamtamjua.

Basi tuanze na kujua kitu chenyewe. Msamba ni ile sehemu iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Mtoto anapotoka, msamba hutanuka sana, na mara nyingi huchanika. Wataalamu wanagawa kuchanika katika hatua nne. Ya kwanza ni ngozi tu, na mara nyingi hupona yenyewe. Ya pili inafika kwenye nyama ya msamba, nayo kwa kawaida hushonwa. Ya tatu inafika kwenye misuli inayofunga njia ya haja kubwa. Ya nne inapasua mpaka ndani ya njia ya haja kubwa yenyewe. Hizi mbili za mwisho zinatakiwa zishonwe na mtaalamu aliyejifunza kazi hiyo, kwenye chumba cha upasuaji, mama akiwa amepewa ganzi ya kutosha. Zikiachwa, au zikishonwa vibaya, ndipo mama anaposhindwa kuzuia choo.

Jamani, kuchanika si uvivu wa kusukuma. Wala si dalili kwamba mama alitoka nje ya ndoa, kama wengine wanavyosema mama akipata uchungu mrefu. Maneno hayo tuyaache. Hata Uingereza, kwenye hospitali kubwa na vifaa vyote, chama cha madaktari wa uzazi wa huko kinaeleza kwamba hadi akina mama 9 kati ya 10 wanaozaa kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida huchubuka, huchanika au huongezewa njia. Lakini wanaofika hatua ya tatu au ya nne ni kama 6 tu kati ya 100 wa uzazi wa kwanza. Kwa hiyo kuchanika kidogo ni jambo la kawaida. Tunalopigania ni kupunguza kule kubaya, na kuhakikisha aliyechanika anatibiwa.

Walio kwenye hatari zaidi ni mama wa uzazi wa kwanza, mama mwenye mtoto mkubwa wa zaidi ya kilo 4, mama ambaye mtoto amekaa uso ukitazama juu, na mama ambaye mtoto amevutwa kwa vifaa. Pia mama aliyekeketwa, kwa sababu kovu halitanuki kama ngozi nzima. Huyo amwambie mkunga mapema, asione haya. Na kwa mabinti zetu tukumbushane kwamba kukeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa kwa sheria ya nchi yetu tangu mwaka 1998.

Sasa tufanye nini? Kazi inaanza mimba ikiwa bado tumboni. Kwanza, kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama ahudhurie angalau mara 8. Huko ndiko wanakopima ukuaji wa mtoto na kuona amekaaje. Pili, kuanzia wiki ya 34 au 35 mama anaweza kuuchua msamba wake mwenyewe. Anakata kucha, ananawa mikono kwa sabuni, anapaka mafuta safi ya mimea yasiyo na manukato. Anaingiza vidole gumba ndani kidogo, kama sentimita 3 hivi, anabonyeza kuelekea chini na pembeni taratibu kwa dakika kama 5. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Kama tumbo linazuia, mume anaweza kusaidia, mama akiridhia. Tafiti zimeonyesha kwamba mama wa uzazi wa kwanza anayefanya hivi anapunguza uwezekano wa kuchanika kiasi cha kushonwa. Si kinga kamili, lakini haina gharama. Ila mwenye kutokwa damu, mwenye ugonjwa wa ukeni, aliyeambiwa kondo limekaa chini, au aliyepasuka chupa asifanye. Na kabla ya kuanza, muulize nesi.

Ikifika siku ya uchungu, wahi kituoni. Usinywe dawa za miti za kuongeza uchungu. Zinaweza kuleta uchungu mkali kupita kiasi, na hata kupasua mfuko wa uzazi.

Ukiwa leba, kuna mambo una haki ya kuyauliza kwa adabu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo, na tunataka kila mwanachama aujue. Mama awe na mtu wa kumsindikiza anayemchagua mwenyewe. Mama achague mkao unaomfaa, si lazima alale chali. Kulala ubavu, au kupiga magoti na kushika chini kwa mikono, kunaweza kusaidia msamba usichanike vibaya. Mama asukume pale mwili wake unapomsukuma, si kwa kupigiwa kelele. Mkunga anaweza kuweka kwenye msamba kitambaa safi kilichochovywa maji ya vuguvugu na kukamuliwa, kichwa kinapokaribia kutoka. Kitambaa hiki kinapunguza kuchanika kwa hatua ya tatu na ya nne. Kinahitaji maji safi na moto wa kuyapasha tu, jambo ambalo hata zahanati ya kijijini inaliweza. Mkunga pia anaweza kuushikilia msamba kwa mkono wake ili kichwa kitoke polepole.

Hapo kichwa kinapotokeza ndipo penye kazi kubwa. Mkunga akisema usisukume, msikilize. Hema haraka haraka kama mtu aliyetoka kukimbia, kichwa kipite taratibu na ngozi ipate nafasi ya kutanuka. Sisi tuliozaa tunajua si rahisi. Lakini aliyeambiwa mapema hufanya vizuri kuliko anayeambiwa akiwa katikati ya maumivu.

Mwongozo huo huo unasema kuongezewa njia kusifanywe kwa kila mama kama desturi. Kuna wakati kunahitajika, kwa mfano mtoto akichoka na inabidi atolewe haraka. Hapo mama aelezwe, akubali, na apewe ganzi. Tena mwongozo haushauri kumkandamiza mama tumboni kwa juu ili mtoto atoke. Ndugu muuguzi, hatusemi haya kuwalaumu. Tunajua mko wachache na usiku mnahudumia wengi. Tunasema ili tuwe upande mmoja.

Baada ya kondo la nyuma kutoka, kila mama aangaliwe vizuri, mbele na nyuma, kabla ya kushonwa. Omba kuelezwa umechanika hatua gani, na jibu hilo likumbuke. Mimba ijayo utalisema kliniki, maana aliyechanika hatua ya tatu au ya nne anahitaji kupangiwa mapema pa kujifungulia, na pengine namna ya kujifungua.

Ukirudi nyumbani, jeraha lioshwe kwa maji safi kila unapotoka chooni, kuanzia mbele kwenda nyuma, kisha likaushwe taratibu. Badilisha vitambaa au pedi mara kwa mara. Usiweke majani, majivu wala unga wowote. Na hapa bibi zetu mtusamehe: kumkanda mzazi ni upendo, lakini maji ya moto yasimwagwe kwenye jeraha. Yanaunguza. Siku za kwanza kitambaa cha maji baridi ndicho kinachopunguza uvimbe. Mzazi anywe maji mengi, ale mboga na papai, ili choo kisiwe kigumu. Akipata nafuu, afanye zoezi la kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, kisha aachie, mara kadhaa kila siku.

Rudi kituoni haraka ukiona usaha, harufu mbaya, homa, damu nyingi, nyuzi kuachia, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Na kama upepo, choo au mkojo unatoka bila kujizuia, usingoje. Wengine huita kila kuvuja fistula, lakini si kitu kimoja. Fistula ni tundu, na mara nyingi inaletwa na uchungu uliokwama muda mrefu. Yote mawili yana tiba. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inatibu fistula bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kutumia M-Pesa kutuma nauli ili mama maskini asikwame kwao. Hata kama huna dalili yoyote, nenda ukapimwe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri mzazi akaguliwe kati ya masaa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6.

Akina baba, sehemu yenu ni hii. Mpeni mama ruhusa na nauli ya kliniki. Mchukulieni ndoo ya maji na kuni wiki zile za mwanzo. Na subirini mpaka jeraha lipone na mwenyewe aseme yuko tayari. Huo nao ni uanaume.

Sasa tunafika kwenye pesa, maana kikundi ni pesa. Mwenzetu yule angekuwa na nauli na mtu wa kumsindikiza, asingekaa miezi saba ndani. Sisi viongozi tunaleta pendekezo mbele yenu: kuanzia mzunguko ujao, kila mwanachama aweke shilingi 500 kwa wiki kwenye mfuko wa uzazi, mbali na hisa. Kwa watu 30 ni shilingi 15,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 780,000. Pesa hii si mkopo. Ni ya gari la usiku, ya nauli ya hospitali ya rufaa, na ya chakula cha msindikizaji. Hata binti wa mwanachama atasaidiwa. Pia tunaomba kila robo mwaka muuguzi wetu apewe nusu saa kwenye kikao atufundishe, na wajawazito wote wa kijiji waje, wawe wanachama au wasiwe.

Pendekezo hili litapigiwa kura kwenye kikao cha Jumatano ijayo. Tunaomba msikose. Na kama kuna mwenzetu anayeumia na hajasema, tunamwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Asimame pembeni na yeyote kati yetu viongozi, aseme hata kwa neno moja. Halitatoka nje.

Umoja ni nguvu. Mungu akibariki kikundi chetu, na awape wajawazito wetu salama.